Baiskeli Iliyosomewa Halbadiri

Aliyetoa wazo la Halbadiri ni mimi. Nalisema mapema ili mtu asipoteze muda wake kutafuta wa kumlaumu. Watu wa Mapinga hupenda kusema "ni kudra tu", wakajipangusa mikono, wakaenda zao kula. Mimi nimeshindwa kujipangusa.

Jina langu Dadi, fundi cherehani. Kwa miaka kumi na tisa nimeshona kwenye baraza ya nyumba ya Mikdad na dada yake Adila, hatua chache kutoka barabara ya Bagamoyo. Kodi yao ilikuwa kuwashonea nguo za Idi na kumsikiliza Mikdad akizungumza. Hilo la pili ndilo lililokuwa gumu.

Mikdad alipooza miguu yote miwili akiwa na miaka minne. Homa ya wiki moja tu, basi. Baba yao, mzee Mwinyijuma, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Mbegani, na mwanawe alipotimiza miaka kumi na miwili akamtengenezea baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuzungushwa kwa mikono. Aliitengeneza kwa alivyoviokota: mabomba ya maji, magurudumu mawili ya baiskeli aina ya Swala kwa nyuma, moja dogo kwa mbele, kiti cha basi lililokufa, na gia kubwa aliyoipachika usawa wa kifua cha mpandaji, yenye vishikio viwili vya mbao ya mninga na jino moja lililovunjika, lililokwaruza kila ilipozunguka. Akaipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye mashua ya mtu. Adila alikuwa binti wa miaka ishirini, na yeye ndiye aliyemshikia baba yake bomba. Mkono ukamtetemeka, chuma cha moto kikadondoka na kuganda chini ya bomba kubwa, tone nene kama ncha ya kidole gumba. Mzee akataka kulikata. Adila akamwambia aliache. Tangu siku hiyo kila walipokwenda sokoni, Mikdad akizungusha na dada akisukuma, kikapu cha Adila kilitundikwa kwenye tone lile. Kisa hicho nimesimuliwa mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Mtu mwenye baiskeli ya ajabu huzitambua za wenzake. Kila siku baada ya chai Mikdad aliiegesha yake mbele ya baraza, akabaki amekaa juu yake na macho barabarani. Magari hakuyaona kabisa. Alichokitaka ni baiskeli ambayo mtu ameivuruga kwa makusudi. Tulimwona mtu wa Miono aliyeunganisha fremu mbili, moja juu ya nyingine, akapita ameketi usawa wa paa letu na matenga ya kuku yakining'inia chini yake. Tulimwona muuza lambalamba aliyeweka usukani wa lori mahali pa hendeli. Na kuna mzee Muzammil, muuza dawa ya panya, ambaye baiskeli yake ilibeba spika nne, betri ya gari, vioo tisa na maua ya plastiki, na yeye mwenyewe aliikokota tu kwa sababu haikumwachia nafasi ya kukaa.

"Hii ya njaa au ya wazimu?" nilikuwa nikimuuliza.

"Ya njaa hiyo, Dadi. Itazame keria. Mtu aliyeshiba hawezi kuiwaza keria ile."

Hayo ndiyo yalikuwa mafungu yake: za njaa, za wazimu, na za mapenzi. Hizo za mapenzi alisema ni chache mno. Nilipomwambia anitajie moja alilipiga bomba la yake kwa kiganja, akacheka.

Basi ikaja Ramadhani ya mwaka jana. Lori la mchanga lilimpita Mikdad karibu mno, akapoteza mwelekeo, akaingia mtaroni na baiskeli juu yake. Alilala humo tangu saa tatu hadi waliokuwa wakienda msikitini adhuhuri walipomsikia. Mbavu mbili zilivunjika. Adila alimuuguza miezi miwili, akimgeuza, akimwosha, akimlisha kwa mkono wake. Alipopona tu, akapanda tena. Nilikuwa napiga pasi siku dada yake alipotoka jikoni na kusimama mbele ya gurudumu.

"Mikdad, barabara hii si ile ya enzi za baba. Kaa nyumbani, mdogo wangu. Utakacho chochote nitakufuatia."

"Dada, bora nife barabarani kuliko kuozea barazani."

Adila akarudi jikoni kwake. Sisi wanaume mwanamke akinyamaza tunadhani amekubali.

Miezi michache baadaye Mikdad alishikwa na homa, akalala ndani siku mbili. Asubuhi ya pili nilifika kazini saa mbili, baiskeli haipo. Adila alikuwa akifagia uwanja, na alama za magurudumu nazo zilikuwa zimefagiliwa. Sikuwaza kitu, maana uwanja aliufagia kila siku ya Mungu.

Mikdad alilia. Mtu wa miaka hamsini na moja, ndevu zimeingia mvi, alilia kwa sauti hadi majirani wakaja. Wakatoa pole zao. Mmoja akasema kikulacho ki nguoni mwako, na wote tukageuza shingo kuwatazama vijana wa bodaboda kijiweni. Nami niligeuza yangu. Tulitoa taarifa serikali ya mtaa, ikaandikwa, ikaishia kwenye karatasi.

Siku ya nne nikafungua mdomo. "Somesha Halbadiri," nikamwambia.

Pwani yetu kila mtu anaijua. Wanakusanyika wasomaji, ubani unafukizwa, yanatajwa majina ya watu wa vita vya Badri na mwizi anaombewa mabaya, huku waliohudhuria wakiitikia amin. Husemwa kwamba tumbo lake litavimba, au akili itamruka, au atakonda tu hadi akirudishe alichokichukua. Masheikh wengi wa siku hizi wanasema ni bidaa, uzushi katika dini, na huenda ni kweli. Lakini mimi nimewahi kuona ng'ombe mzima akirudishwa mchana kweupe na mtu anayetetemeka.

"Itamdhuru mtu, Dadi," Mikdad alisema.

"Mwizi ndiye anayejidhuru mwenyewe. Wewe unadai chako tu."

Ulimi hauna mfupa. Nilimsukuma kwa siku mbili hadi akakubali, na nilijiona rafiki mwema.

Desturi inataka mwizi aonywe kwanza. Mwalimu Najim, anayefundisha madrasa ya mtaani kwetu, alitangaza msikitini baada ya sala ya Ijumaa kwamba mwenye baiskeli ya Mikdad anapewa siku tatu, airudishe hata kwa kuiacha njiani, hataulizwa. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Siku ya tatu Adila alitoka asubuhi, akarudi mchana, kanga yake imeingia kutu magotini. Akasema alikwenda kumjulia hali mgonjwa. Kisha akakaa chini na ungo, akaanza kuchambua mchele wa kuwalisha wasomaji.

Tulisoma alasiri ya siku iliyofuata. Wanaume tulikuwa barazani, wanawake ndani nyuma ya pazia. Adila ndiye aliyeleta chetezo, akakiweka mbele ya Mwalimu Najim bila kumtazama mtu. Kila lilipofungwa fungu la majina tuliitikia amin, na kutoka nyuma ya pazia niliisikia sauti yake juu ya sauti za wanawake wote. Nikajisemea moyoni, hakika huyu anampenda ndugu yake.

Tangu siku hiyo chakula kilimshinda. Alipika, alipakua, alikaa mbele ya sahani yake akiipapasa kwa vidole, halafu akampa paka. Miguu ikaanza kuvimba. Tulimpeleka zahanati, wakasema presha, wakampa vidonge, na vidonge vikabaki kwenye mfuko wake wa nailoni juu ya kabati. "Nitameza," alikuwa akisema kila akiulizwa. Mikdad naye sasa alitambaa kati ya chumba na baraza, kandambili amezivaa mikononi. Nyumba ile ilikuwa imekwisha kabla hatujajua.

Wiki ya tatu akaja Mahmoud, mnoa visu. Mahmoud husimamisha baiskeli yake kwenye stendi na kukanyaga pedeli ili jiwe la kunolea lizunguke. Siku hiyo alikuwa ameibadili. Alikaa kitako kwenye kigoda na kulizungusha jiwe kwa mkono, kwa gia kubwa aliyoifunga ubavuni. Nilikuwa naongea jambo, nafikiri juu ya bei ya nyuzi, Mikdad akaninyamazisha kwa kiganja.

"Sikiliza. Jino limevunjika."

Kila mzunguko mmoja gia ilikwaruza mara moja. Mikdad alijitupa chini kutoka barazani, akatambaa vumbini hadi kwa Mahmoud, akaushika mkono wake. Vishikio vilikuwa vya mninga.

Mahmoud aliapa kwamba aliinunua kwa Twalha, mnunuzi wa vyuma chakavu nyuma ya soko. Nilipomwambia kwamba kitu kile kimesomewa Halbadiri, alikifungua kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwa mnoa visu, akakiacha chini, akachukua maji yangu ya kunywa akanawa mikono hadi viwiko. Visu vya watu aliviacha nusu.

Nikakodi guta la mizigo, nikampakia Mikdad, tukaenda kwa Twalha. Twalha ni mtu mnene mwenye sauti kubwa, lakini alipotuona aliinamisha uso.

"Alinikataza nisiseme," akasema.

"Nani?" Mikdad akauliza.

"Dada yako."

Akatueleza yote. Adila aliisukuma baiskeli peke yake alfajiri ile, akasema ndugu yake amechoka nayo. Alichopewa alivuka nacho njia, akakitia chote kwenye sanduku la msikiti, Twalha anamwona. Kisha siku ile ya tatu ya tangazo alirudi, akaitaka. Ilikuwa imekwisha kukatwa na vipande vingine vimeshauzwa.

"Alipiga magoti pale kwenye rundo," Twalha alisema, "akawa anaokota kimoja kimoja anakitazama. Nikamwambia, mama, hata ukivipata vyote havitakuwa baiskeli. Akainuka akaenda zake."

Tulipokaribia nyumbani, Mikdad akanigeukia.

"Aliitikia amin, Dadi. Nilimsikia."

"Nami nilimsikia," nikasema.

Adila alikuwa amelala kitanda cha kamba, uso ukutani. Mikdad alitambaa hadi kitandani. Mimi nilisimama mlangoni, na mtu mwenye adabu angeondoka.

"Dada."

"Umekwisha jua," alisema bila kugeuka.

"Mbona hukuniambia kabla ya kusoma? Neno moja tu, dada. Tungewapa watu chai wakaenda zao."

"Ningekuambia nini? Kwamba miguu yako nimeiuza kwa kilo?" Akageuka sasa, na uso wake ulikuwa umepungua kuwa macho matupu. "Nilichelea kukuzika, Mikdad. Mama aliniachia wewe mkononi. Nikasema, akikaa nyumbani atanuna, atanilaani, lakini atakuwa hai."

"Nimekusamehe. Wallahi nimekusamehe mbele ya huyu Dadi."

"Wewe umesamehe. Yale niliyoyaitikia je?"

Tulimwita Mwalimu Najim. Alisikitika sana, masikini, akasema msamaha wa mwenye mali unatosha, akasoma dua ya kuondoa ile ya kwanza, akamnyunyizia maji ya zamzam. Adila alimshukuru kwa heshima zote. Mwalimu alipoondoka, Adila akatuambia maneno ya marehemu mama yao: Halbadiri haimwachii mtu hadi kitu kirudi kwa mwenyewe kama kilivyotoka. Vidonge havitamfaa, chakula hakitampita, hadi kitu kirudi. Mwalimu anaweza kubishiwa. Mama aliyekufa miaka thelathini iliyopita humbishii.

Kazi ikawa hiyo. Baiskeli irudi nzima, Adila aione, ale. Nami nakiri kitu cha aibu: kwa siku kumi nilikuwa na furaha. Ule mchezo wetu wa miaka yote, ambao mke wangu aliuita uvivu wa wanaume wawili, ukawa una maana. Hakuna baiskeli ya ajabu kati ya Mapinga na Bagamoyo tusiyoijua, na vipande vya Mikdad vingeweza kwenda wapi kama si kwa watu wale wale? Watu wenye baiskeli za kawaida huenda dukani. Wale wetu huenda kwa Twalha.

Tuliikuta Mbegani baiskeli ya Shuaibu, muuza samaki, imeota kitoroli ubavuni cha kubebea tenga la pili, na kitoroli kinakwenda kwa magurudumu mawili ya Swala. Mikdad aliyajua kwa spoku. Muuza lambalamba alikuwa amelipata gurudumu la mbele, amelitia chini ya sanduku lake la barafu. Mzee Muzammil alikuwa na kioo cha kumi, kile cha Mikdad cha kutazamia nyuma. Kiti kilikuwa Miono, na huko nilikwenda peke yangu kwa basi. Yule bwana wa ghorofa alikuwa amekikalia huko juu kwa raha zake. Nilipomweleza, alishuka, akakifungua, akanipa kwa ncha za vidole, kisha akaondoka na baiskeli yake isiyo na kiti, amesimama wima usawa wa mapaa, kuku wakipiga kelele chini yake. Nilicheka peke yangu kituoni hadi machozi yakanitoka.

Hakuna hata mmoja aliyetaka malipo. Nani abaki na chuma kilichosomewa? Shuaibu alituongezea na samaki watatu ili tumwombee dua.

Ikabaki fremu. Tukarudi kwa Twalha.

"Mabomba niliyakata vipande vipande," alisema. "Yaliondoka na lori la kwanza kwenda kuyeyushwa. Ndugu zangu, hata nikitaka kusema uongo, niseme yapo wapi?"

Mikdad alikaa kwenye guta, viganja juu ya mapaja yake yasiyosikia kitu. Nilidhani atalia tena.

"Tutengeneze nyingine," akasema.

"Atajua."

"Macho yake yamefifia, Dadi. Ananitambua kwa sauti. Hatajua."

Tulimpelekea Seleman, fundi wa kuchomelea wa hapo karibu, picha ya Idi moja ya zamani, Mikdad juu ya baiskeli na Adila pembeni. Seleman ni hodari, hilo sitamnyima. Kwa siku mbili alikunja mabomba na kuyaunga, akayalaza vile vile kama yalivyokuwa. Tukatafuta rangi ya kijani ya mashua. Ilipokauka tukaisugua kwa mchanga na jivu, tukaipaka oili chafu, tukaigongagonga kwa nyundo mahali ilipokuwa na makovu. Mimi niliushona mpasuko wa kiti kwa uzi mweusi kama nilivyowahi kuushona mwanzo. Viungo vyote alivichonga Seleman kwa tupa vikawa laini, hata kile cha chini ya bomba kubwa. Kazi safi. Watu watatu wazima tulisimama tukaitazama, tukasema mashallah, na hakuna aliyekumbuka.

Adila hakuwa akiinuka tena. Ijumaa asubuhi tuling'oa bawa moja la mlango wa chumba chake ili baiskeli ipite. Mikdad aliingia ameipanda, akizungusha polepole, na gia ikakwaruza. Sauti ile ilikuwa ya kweli, jino ni lile lile. Adila aliisikia, akafumbua macho, na midomo yake ikacheza.

"Imerudi, dada," Mikdad alisema. "Yote. Kama ilivyotoka."

"Isogezeni."

Tukaisogeza hadi ikagusa kitanda. Akatoa mkono chini ya shuka, mkono mwembamba wenye ngozi iliyolegea, akakipapasa kiti, akaupata mshono wangu. Akashika kishikio kimoja cha mninga, akakiachia. Akayagusa matairi. Halafu mkono ukashuka chini ya bomba kubwa, ukaenda mbele, ukarudi nyuma, ukaenda tena mbele taratibu, kidole gumba kikitafuta. Ukasimama.

Hapo ndipo nilipokumbuka lile tone la chuma. Mikdad alikuwa juu ya kiti, anamtazama dada yake usoni tu, anasubiri, na mkono ule hakuuona. Adila aliinua macho akanitazama mimi. Nilitazama sakafu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Imerudi."

Akaomba uji. Alikunywa vijiko vitatu mbele ya ndugu yake, akimeza kwa shida, na baada ya kila kijiko akatikisa kichwa kwamba ni mtamu. Mikdad alicheka, akaniita jina langu, akacheka tena. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya choo chao hadi nilipoweza kurudi.

Alifariki Jumapili kabla ya adhuhuri. Zahanati walisema ni moyo. Watu wa mtaa, hao wenye "ni kudra tu", walinong'ona kwamba Halbadiri haichezewi. Mimi sijui kilichomuua. Najua kwamba alikufa akijua hakuna kilichorudi, na kwamba alijua pia tumemdanganya, na akatusitiri.

Makaburi yetu yako ng'ambo ya barabara. Watu walitaka kumbeba Mikdad, akakataa, akalifuata jeneza kwa baiskeli ile mpya yenye vipande vya zamani. Lori moja la mchanga lilisimama kutupisha. Huko akakaa pembeni ya kaburi, akamwagia udongo kwa mkono wake mara tatu, akarudi. Baada ya hapo aliifunga baiskeli kwa mnyororo kwenye nguzo ya baraza, na hajaipanda tena.

Sasa anakaa kwenye mkeka, mgongo kwenye ukuta wa nyumba. Mke wangu humletea chakula. Bwana wa Miono alipita wiki iliyopita, ameongeza fremu ya tatu, ana ngazi ya kupandia, watoto wanamkimbilia nyuma. Nilimwita Mikdad atazame. Alikuwa anaangalia miguu yake. Nikamuuliza, ya njaa au ya wazimu? Aliendelea kuiangalia, nikarudi kwenye suruali niliyokuwa naishona.

Jana alasiri alitambaa ndani, akarudi na kikapu cha Adila amekining'iniza shingoni. Nilifikiri anataka kumpa mke wangu, kwa shukrani. Akasogea hadi kwenye baiskeli, akakaa chini yake.

"Dadi, dada aliamini?"

Mashine ilikuwa inakwenda. Niliisimamisha.

"Aliamini," nikasema. "Aliitambua kwa mlio wa gia. Si ulimwona alivyokunywa uji?"

Aliitikia kwa kichwa. Akakishika kikapu kwa mkanda wake, akakiinua chini ya bomba kubwa, pale kilipotundikwa miaka thelathini na tisa, akakiachia.

Kikaanguka vumbini. Tulikitazama, na hakuna kati yetu aliyekiokota.